Kaptula Ilistahili, Jaketi Hapana

Safari yangu ya kwanza ya kilomita 90 kwa baiskeli niliifanya nimevaa kaptula ya pamba, na niliivaa kwa makusudi. Nilikuwa nimewaona waendesha baiskeli waliojifunga mavazi ya kubana, miwani ya kioo cha rangi na vikompyuta kwenye usukani, nikaamini moyoni kwamba wananunua sifa. Miguu ndiyo inayosukuma baiskeli, nguo haisukumi kitu. Kufika kilomita ya 50, mshono wa katikati wa ile kaptula, pale vipande vyote vya kitambaa vinapokutana, ulikuwa umegeuka msumeno. Pamba ilikuwa imelowa jasho, imekuwa nzito, imegandamana na ngozi, na kila mzunguko wa pedeli uliisugua mahali palepale. Pedeli zangu huzunguka mara 80 hivi kwa dakika. Kwa saa moja hiyo ni mara 4,800. Kilomita 20 za mwisho nilisimama juu ya pedeli kila nilipopata nafasi, na kwa siku 4 sikuweza kukaa kwenye kiti cha aina yoyote bila kukunja uso.

Imepita miaka 9 tangu siku hiyo. Katika miaka hiyo nimenunua vitu vingi vya baiskeli, vya bei ndogo na vya bei iliyonifanya nimfiche mke wangu risiti kwa wiki nzima, jambo ambalo nalijutia hadi leo. Baadhi ya vitu hivyo vimenilipa kuliko nilivyotoa. Vingine vimekaa kabatini. Kilichonishangaza ni kwamba bei haikunisaidia hata kidogo kujua mapema kipi kitaangukia upande gani.

Nianze na kaptula, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Baada ya ile safari ya msumeno nilinunua kaptula ya baiskeli ya bei ya chini kuliko zote nilizoziona. Niliichagua kwa kuibonyeza kwa kidole: sponji yake ilikuwa nene na laini kama mto wa kulalia, nikajua nimepata. Safari fupi ilikuwa raha. Baada ya saa mbili sponji ile ilishaliwa na uzito wangu, imekunjamana katikati, na ile mifupa miwili ya makalio, ile unayoisikia ukikalia jiwe, ilikuwa inagusa kiti kana kwamba hakuna kitu kati yao. Sponji laini hubonyea hadi mwisho, halafu pembeni hufanya matuta, na matuta ndiyo yanayochubua.

Kaptula ya pili niliinunua baada ya mwaka, kwa bei mara nne ya ile ya kwanza. Niliposhika kipedi chake, ile sponji ya ndani inayokaliwa, nilidhani nimeibiwa, kwa jinsi kilivyokuwa chembamba. Lakini kilikuwa kigumu kidogo, kinene pale tu mifupa inapokaa na chembamba kwingineko, na hakikuwa na mshono wowote sehemu inayogusana na kiti. Kiunoni kaptula yenyewe haikuwa na mpira wa kubana tumbo. Badala yake kulikuwa na mikanda ya mabegani iliyoizuia isishuke. Zamani kipedi hicho kilikuwa kipande cha ngozi halisi ya mnyama, ambacho kikikauka baada ya kufuliwa hukakamaa, na waendeshaji walilazimika kukipaka krimu ili kilainike tena. Siku hizi ni sponji na kitambaa cha kiwandani, ila kazi ni ileile: kisisogee, kisikunjamane, kisishike maji.

Niseme pia jambo ambalo watu huona haya kulisema. Kaptula hii haivaliwi na chupi ndani. Nilitumia miezi mitatu nikivaa chupi ya pamba chini ya kaptula ya fedha nyingi, nikirudisha mshono uleule niliolipa ili kuukimbia. Hakuna aliyeniambia. Na ifuliwe kila baada ya safari, bila dawa ya kulainishia nguo maana huziba kitambaa kisinyonye jasho, kisha ianikwe kivulini.

Kaptula hiyo nimeivaa zaidi ya mara 400. Ukigawanya bei yake kwa siku nilizoivaa, ni nafuu kuliko ile ya kwanza niliyoivaa mara 15 nikaitupa. Lakini hapa ndipo watu wengi huishia, na mimi sikuishia hapo. Nilijiambia, kama hii ni nzuri hivi, ya juu yake itakuwaje? Nikanunua ya tatu, mara mbili ya bei ya ile ya pili. Kwa miezi miwili nilizibadilisha, leo hii kesho ile, nikiandika kwenye kalenda jinsi nilivyojisikia nikifika. Sikuona tofauti. Kitambaa cha ile ya tatu kilikuwa chepesi zaidi ukikishika mkononi, na rangi yake haikupauka haraka. Kwenye kiti, baada ya saa nne, makalio yangu hayakujua ni ipi nimevaa. Kwa hiyo kuna ngazi halisi kati ya kaptula ya bei ya chini na ya bei ya kati, na ngazi hiyo ningeipanda tena hata kwa kukopa. Juu yake ni uwanja tambarare.

Jaketi lilikuwa kisa kingine. Nilinunua lile la kuzuia mvua ambalo pia "linapumua", na lilinigharimu kuliko kaptula zote tatu kwa pamoja. Lilitengenezwa kwa utando wenye vitundu vidogo mno, vinavyopitisha mvuke lakini si tone la maji. Si uongo, utando huo upo na hufanya kazi. Ila fikiria mwili wa mwendesha baiskeli. Ukisukuma pedeli kwa wati 200, mwili unachoma takriban wati 800, kwa sababu misuli hugeuza karibu robo tu ya nguvu kuwa mwendo. Zile wati 600 zinazobaki ni joto tupu, na mwili hulitoa joto hilo kwa jasho. Na mvuke huweza kutoka kwenye jaketi pale tu ambapo hewa ya ndani ina unyevu kuliko ya nje. Mvua inaponyesha, nje kumejaa unyevu na uso wa jaketi umelowa. Utatoka uende wapi? Kila nilipofika nikilivua, mgongo wangu ulikuwa unatiririka sawa na wa mtu aliyenyeshewa, tena maji ya jasho. Nilipokuwa nikienda polepole kwenye manyunyu ya asubuhi lilinifaa, na hizo ni siku chache. Kizibao chembamba cha kuzuia upepo, kinachokunjika kikaenea kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, kimenisaidia kuliko jaketi lile, hasa kwenye miteremko mirefu baada ya kupanda nikiwa nimelowa jasho.

Jaketi lilikuwa na dai moja zaidi, na hili lilinikera kwa sababu linagusa uhai. Rangi yake ilikuwa njano kali ile inayowaka macho, na maelezo yake yalisema nitaonekana usiku na mchana. Mchana, ndiyo, kwelikweli. Rangi hizo huwaka kwa kugeuza miale ya jua isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana. Jua likizama zinakuwa rangi za kawaida tu, na chini ya taa za gari njano ile haikuwa na ajabu yoyote kuliko shati langu jeupe. Kinachofanya kazi usiku ni utepe unaorudisha mwanga kule ulikotoka. Fundi wangu, mzee ambaye hajawahi kuvaa jezi maishani, alinikatia vipande viwili vya utepe huo akanishonea kwenye mikanda ya kitambaa. "Hivi funga miguuni, juu ya kifundo, mwanangu," aliniambia. "Mgongoni taa inaona kibao. Miguuni inaona mtu."

Sikumwelewa mpaka jioni moja rafiki yangu aliponipita na gari, akasimama mbele kuningoja. Aliniambia alikuwa mbali bado, hajaona baiskeli wala mgongo wala chochote, alipoona vimwanga viwili vikipanda na kushuka kwa zamu, kimoja juu, kingine chini. Akajua mara moja kwamba hapo kuna mtu anaendesha, akapunguza mwendo. Watafiti wamelipima jambo hilo na kupata jibu hilohilo: jicho la binadamu hutambua haraka mno mwendo wa viungo vya binadamu mwenzake, kuliko linavyotambua doa la mwanga lililotulia. Mikanda ile miwili ndiyo kitu nilichokilipia kidogo kuliko vyote nilivyonavyo, na ni ya mwisho ambayo ningekubali kuitoa. Hiyo, pamoja na taa nyekundu nyuma na nyeupe mbele.

Kofia ngumu sitaisemea sana, nitasema nililoliona. Nilianguka kwenye kona yenye mchanga, kichwa kikagonga ukingo wa barabara. Nje ya kofia kulikuwa na mkwaruzo tu, kama wa kucha. Nilipotoa vitambaa vya ndani niliona ufa uliopita kutoka sikioni hadi kisogoni, na sponji ngumu imebonyea pale kwa kina cha nusu ya kidole. Sponji hiyo ni ya jamii moja na ile wanayofungashia televisheni. Kazi yake ni kuvunjika yenyewe ili kichwa kisivunjike, na huifanya mara moja tu. Kofia iliyogonga chini ni takataka hata kama inapendeza. Na kofia ya bei ya kawaida iliyopitishwa na viwango, EN 1078 vya Ulaya au vile ambavyo Marekani imevilazimisha tangu 1999, imepita mtihani uleule ambao ya bei kubwa imepita. Fedha ya ziada hununua wepesi na matundu mengi ya hewa. Hayo ni mazuri, nami ninayapenda siku za joto, lakini kama bei ingekufanya usibadilishe kofia iliyopasuka, basi nunua ya kawaida. Iketi vidole viwili juu ya nyusi na mkanda ubane. Watu wengi huivaa imerudi kisogoni, paji la uso liko wazi, na hapo hata ya dhahabu haitasaidia.

Sasa vifaa. Nilipoanza kupenda mwendo kasi, nilivutwa na kila kitu chenye kioo na namba.

Kipima nguvu ndicho kilichonila fedha nyingi zaidi. Mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer ndiye aliyekileta kwenye baiskeli mwaka 1986. Ndani ya mkono wa pedeli kuna vihisi vinavyopima jinsi chuma kinavyojipinda kidogo mno unapokanyaga, kisha kinakuambia wati ngapi unatoa sekunde hii. Tofauti yake na kipima mapigo ya moyo ni kwamba moyo huchelewa: unaanza kupanda mlima kwa nguvu zote, na moyo unachukua dakika kadhaa kulifikia jambo hilo. Wati hazichelewi. Nami nilichokiona wiki ya kwanza kilinitia uchungu. Kwenye mlima wangu wa siku zote nilikuwa naanza na wati 320, nikiamini nina nguvu, na nikimaliza kwa wati 170 nikihema kama mgonjwa. Nilipojizuia kuanzia 230 na kubaki hapo, nilifika juu dakika moja na nusu mapema zaidi, na bado nikaweza kuongea. Miaka mitano nilikuwa nimeupanda mlima ule vibaya bila mtu wala kitu cha kuniambia.

Kwa hiyo kilistahili? Kwa miezi sita, ndiyo, kabisa. Baada ya hapo nilikuwa nimeshajifunza. Nikipumua kwa namna fulani najua niko 230, nikaangalia kioo na kweli ni 228. Tena nikaanza kuona kwamba siangalii barabara. Kuna asubuhi moja ukungu ulikuwa unainuka bondeni, mwenzangu akaniambia tazama, nikamjibu subiri nimalize dakika 20 zangu. Nilipoinua kichwa ukungu ulikuwa umeshaondoka. Nilikiuza kwa kijana anayejiandaa kwa mashindano, ambaye kocha wake humpangia kila siku kwa wati, na kwake ni chombo cha kazi kama nyundo kwa seremala.

Saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo, usingizi, uchovu na "utayari" wa mwili sina budi kuisema vibaya. Hupima mapigo kwa kumulika ngozi na kusoma damu inavyopita. Ukiushika usukani kwa nguvu, mkono ukatetemeka kwenye barabara mbovu, husoma uongo. Mkanda wa kifuani, ambao bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya saa ile, husoma umeme wa moyo wenyewe na haukosei ovyo. Na kuamka kila siku ukaulize saa kama umelala vizuri ni kujinyima kitu ambacho mwili ulikupa bure.

Vitu vyepesi nivipitie upesi. Mimi na baiskeli na maji tuna kilo 85. Nikipunguza gramu 300 kwa kununua kiti cha nyuzi za kaboni, kwenye mlima wa nusu saa nitaokoa sekunde 6 hivi. Chupa moja ya maji iliyojaa ina uzito mara mbili na nusu ya hizo gramu. Anayeshindana aziwinde sekunde 6, mimi sina pa kuzipeleka.

Jezi ya kubana, kinyume na nilivyotarajia, ina haki yake. Barabara ikiwa tambarare, ukipita kilomita 20 kwa saa, adui yako mkubwa ni hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inagonga mwili wako, si baiskeli. Ukitaka kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 36, ambayo ni nyongeza ya moja ya tano tu, nguvu ya kuipasua hewa lazima ipande kwa zaidi ya asilimia 70. Mwaka 1989 Mmarekani Greg LeMond aliingia siku ya mwisho ya Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, akiwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50, na zimebaki kilomita 24.5 tu kutoka Versailles hadi Paris. LeMond aliweka usukani wa nyongeza uliomwezesha kuinama na kukusanya mikono mbele ya kifua, na kofia iliyochongoka nyuma. Fignon aliendesha kichwa wazi, nywele zimefungwa mkia. LeMond alishinda mashindano ya wiki tatu kwa sekunde 8.

Nami nilijaribu kwa njia yangu kwenye mteremko mmoja ulionyooka, bila kukanyaga pedeli, nikiacha baiskeli iteremke yenyewe. Nikiwa wima na shati linapepea: kilomita 41 kwa saa. Wima na jezi ya kubana: 42. Nimeinama, viwiko vimekunjwa, kidevu karibu na usukani, na shati lilelile linalopepea: 47. Nilirudia mara tano kwa sababu sikuamini. Kukunja viwiko hakuuzwi popote. Jezi niliinunua hata hivyo, kwa ajili ya mifuko mitatu ya nyuma na kukauka haraka, na ya bei ya kawaida inatosha.

Ambacho ningemhimiza mtu alipie zaidi hakivaliwi wala hakiwaki taa. Ni tairi. Tairi nzuri yenye kuta laini na ile ngumu ya bei ya chini zinaweza kuachana kwa wati 10 kila moja, huku wewe unakanyaga vilevile. Zijaze kwa pampu yenye geji, usiamini kidole gumba. Halafu cheni. Kila wiki chache mimi huchukua rula: pingili 24 za cheni mpya, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni milimita 304.8. Ikivuka 306 na nusu naitoa, kabla haijaanza kula meno ya gia, ambayo bei yake ni kubwa kuliko cheni yenyewe. Rula nilikuwa nayo tangu shule.

Mwaka huu binti wa dada yangu alipata baiskeli, akanijia na orodha aliyoiandika kwa mkono: kaptula, glavu zenye jeli, saa, viatu vya kubana kwenye pedeli, miwani. "Mjomba, nianze na kipi?" Nilimwambia asianze na chochote. Achukue kofia, taa, mikanda ya miguuni niliyomshonea, aende kilomita 40, arudi aniambie panauma wapi. Hakufurahi, maana alikuwa ameshaweka akiba, lakini alikwenda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Alirudi akinionyesha viganja. Vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vimekufa ganzi. Kwenye orodha yake jibu lilikuwa tayari, glavu za jeli. Nilimwomba aisimamishe baiskeli ukutani na kuipanda, nikamtazama kwa ubavuni. Ncha ya kiti ilikuwa imeinamia mbele, kwa hiyo kila mara alikuwa anateleza kuelekea usukani na kujizuia kwa mikono, uzito wote ukiangukia pale kiganjani mshipa wa fahamu unapopita. Tulichukua alenki ya milimita 5, tukalegeza boliti chini ya kiti, tukainyanyua ncha mpaka kiti kikalala sawa, tukakaza.

Jumamosi iliyofuata aliendesha kilomita 55. Mikono ilikuwa salama. Aliegemeza baiskeli, akabaki amesimama huku mimi nikimkaribisha kiti.

"Sasa ni huku nyuma, Mjomba," alisema. "Kuanzia saa ya pili. Mshono."

Nikamwambia alete ile akiba yake, twende tukatafute kaptula.